Buti za Bwana Mohinder

Salma, aliyerithi kigoda changu pale karakana, ameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu thalathini na minne ya kushona buti na kupima miguu ya watu. "Hata kurasa tano tu, Bi Zuhura," aliniambia, "kabla hujasahau." Sijui nani kamwambia kwamba nasahau. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachofikiria nacho nikishika sindano. Yeye ni mtoto wa Mombasa, atawafasiria wenzake. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize ofisini. Mimi nakumbuka miguu.

Nilizaliwa Wete. Baada ya Mapinduzi wazee wangu walitawanyika kama dengu zilizomwagika. Mimi nikaangukia Mombasa kwa shangazi, naye akanifunza kushona. Miaka ya sabini nikaja London na mume wangu Said, tukapanga chumba karibu na Edgware Road kabla hatujahamia mtaa wa Edmonton, huko huko London. Siku moja Said alinisomea tangazo la gazeti: duka la vifaa vya safari na uwindaji linatafuta mtu anayejua kushona kwa mkono. Nikadhani ni magauni. Nikavaa kanzu yangu nzuri, nikenda.

Duka lilikuwa na ghorofa ya juu yenye mahema, makoti na mashanta, na chini ya ardhi kulikuwa na karakana ya buti. Huko chini alikuwako Mzee Alfred, Mwingereza mfupi, kichwa kina kipara, vidole vyeusi kwa nta. Hakunisalimia. Alinipa kipande cha ngozi kigumu kama kifuu, uzi uliopakwa nta, sindano mbili, na msharasi wa kutobolea. Ilipofika saa nne nilikuwa nimejitoboa dole gumba mara mbili. Mzee Alfred akanifunga kitambaa, akanimiminia chai, akaiweka mbele yangu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilipomaliza mshono wangu wa kwanza aliutazama, akaufumua wote, akanirudishia ngozi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Alinifundisha miaka kumi na mitatu, na maneno yake yote ukiyakusanya hayajazi mkoba. Pima mguu alasiri, maana asubuhi mguu bado mdogo. Pima yote miwili, kwani hakuna mtu mwenye miguu pacha. Mpimie na soksi atakayoivaa. Na kabla hujautazama mguu, tia mkono ndani ya kiatu chake cha zamani ukipapase, maana kiatu cha zamani kinajua mambo ambayo mwenyewe hayajui au hataki kuyasema. "Mguu hausemi uongo," alikuwa akisema. "Mwenye mguu ndiye."

Alipostaafu nikarithi kigoda chake na rafu nzima ya forma, ile mifano ya miguu ya mbao ambayo buti hushonewa juu yake. Nikawa napanda juu kupima wateja, nikirudi chini kushona. Nilipiga magoti mbele ya wapanda milima, maprofesa wanaochunguza ndege wa porini, makanali wastaafu na mabwana wanaokwenda kuwinda. Wengine walikuwa wakinieleza Zanzibar ilivyo. Nami nilikuwa nikisema, "Kumbe!" na kuendelea kupima.

Jambo moja la nyumbani lazima niliseme, kwa sababu bila ya hilo kisa ninachotaka kukisimulia hakitaeleweka. Baba yangu alibaki Wete. Alikuwa na kisukari, na miguu yake ilikufa ganzi. Siku moja alikanyaga kigae cha chupa na hakujua. Alitembea nacho siku mbili. Barua iliponifikia, mguu ulikuwa umekwisha kukatwa, na ya pili ilipokuja ilikuwa ya tanzia. Sikuweza kwenda, wakati ule sisi tulioondoka hatukuwa na njia ya kurudi. Asubuhi yake nilikwenda kazini kama kawaida, alasiri nikampima bwana mmoja buti za kuendea Nepal. Nilikuwa nimeushika unyayo wake mzima mkononi, wa moto, wenye nguvu, na machozi yakanidondokea juu ya soksi yake. Yule bwana alikuwa muungwana. Alitazama darini mpaka nilipomaliza.

Sasa nije kwa Bwana Mohinder.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wangu wa ishirini na kitu pale dukani. Aliingia alasiri, mwanamume mrefu wa miaka sitini na minne, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alikuwa fundi wa mazulia, amestaafu nusu. Nusu nyingine wateja wake wa mtaa wa Southall hawakumruhusu. Akakaa kwenye kiti cha kupimia akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba anataka buti bora kuliko zote tulizo nazo, za mahali penye matope, maji na baridi. Nikamvua kiatu cha kulia. Kwa desturi yangu nikatia mkono ndani, na kitu kikanichoma.

Kilikuwa kijimsumari cha zulia. Kimepenya soli kutoka nje, ncha imesimama juu kama mwiba wa samaki. Nikautazama mguu: chini ya dole gumba soksi ilikuwa imelowa damu.

"La haula!" nikasema. "Usitie mguu chini, ngoja!"

Kilinitoka Kiswahili kitupu. Naye akanijibu kwa Kiswahili, cha bara, cha Kenya.

"Kwani kuna nini, mama?"

Tukatazamana.

"Wewe wa wapi?" nikamuuliza.

"Nakuru. Nimezaliwa huko, na baba yangu pia. Na wewe?"

"Pemba. Huo msumari umekuingia tangu lini, Bwana?"

"Msumari gani?" akasema.

Nilimwonesha. Akacheka, akasema ni bahati mbaya ya kazi, akafuta damu kwa leso. Lakini mimi nikamvua soksi. Nikamwambia afumbe macho, nitamgusa mguuni kwa unywele wa brashi, na kila nikimgusa aseme. Akafumba, anatabasamu kama mtoto anayechezeshwa. Nikagusa dole gumba. Nikagusa cha pili, cha tatu, vyote mpaka cha mwisho. Nikabonyeza unyayo kwa kitako cha penseli.

"Haya, mama, anza," akasema.

"Nimeshamaliza, Bwana Mohinder."

Akafumbua macho, na tabasamu likamtoka taratibu. Alikubali kwamba ana sukari, ya miaka mingi. Dawa anakunywa. Miguu ina ganzi kidogo, kidogo tu, hakuna maneno. Halafu, labda ili tuzungumze jambo jingine, akanieleza buti ni za nini.

Alikuwa na kaka, Kirpal, aliyemzidi miaka mitatu. Walipokuwa vijana Kenya baba yao aliwafunza kuwinda, wakati uwindaji bado ulikuwa halali kwa mwenye leseni. Kisha familia ikagawanyika. Kirpal akaenda Kanada, akasogea kaskazini, kaskazini zaidi, mpaka mahali ambapo barabara zinakwisha. Mohinder akaja London. Katika miaka thalathini walionana mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa ni mazishi. Sasa Kirpal amepata kibali kutoka kwa serikali ya huko, kibali kisichopatikana kwa urahisi, cha kumchukua jamaa yake mmoja asiye mkaazi kwenda kuwinda naye porini. Ndege ndogo inayotua majini ingewashusha ziwani na kuwaacha siku kumi na mbili, bila nyumba wala simu, kisha ingerudi kuwachukua.

Mnyama waliyemkusudia kwa Kiingereza huitwa moose. Kiswahili hakijapata haja naye. Bwana Mohinder alinionesha picha. Ni paa aliyekua bila kuambiwa asimame: mkubwa kuliko pofu, yule swala mkubwa wa mbuga za kwetu, pua imelegea, pembe bapa kama makoleo mawili. Nikamwita pofu wa baridi, na jina likabaki.

"Kirpal ana sitini na saba," alisema. "Mimi ni hivi unavyoniona. Hii haitarudi tena, mama. Si uniuzie tu hizo buti?"

"Sikuuzii," nikasema.

Si neno analotakiwa kulisema mtu wa dukani. Nikamweleza kwamba kwanza aende kliniki ya miguu, wamtazame, waandike kama anafaa kwenda. Akija na barua, nitamtengenezea buti kwa mkono wangu. Kwa hali aliyo nayo, hata lengelenge dogo tu kule kwenye matope linaweza kumla mguu, naye asijue mpaka ndege irudi.

Uso wake ukawa mwekundu. "Mimi nimekuja dukani, sikuja hospitali. Wewe ni daktari?"

"Si daktari."

"Basi niletee viatu."

"Sikuletei, Bwana Mohinder. Nisamehe."

Akavaa kiatu chake, msumari nimeshautoa, akatoka bila kuaga. Meneja wetu wa wakati ule, kijana mwenye tai nyembamba, alikuwa amesikia. Aliniita akaniambia kwamba kazi yangu ni kuuza, na kwamba mteja akitaka kujidhuru hiyo ni hiari yake. Akaongeza kwamba nikirudia atalazimika kuandika barua. Niliporudi nyumbani nilimweleza binti yangu Asya. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba meneja ana haki. Sikulala vizuri. Si kwa sababu ya barua. Nilikuwa na hakika kwamba Bwana Mohinder amekwenda duka la pili, na huko wamempa alichokitaka.

Na kweli alikwenda. Wiki tatu baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mnene aliyevaa koti la sufu juu ya suruali pana ya shalwar, boksi la buti kwapani, na nyuma yake Bwana Mohinder, ananyata kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Ni wewe mama wa Pemba?" akaniuliza yule mwanamke. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu. "Mimi Balbir, bibi yake. Huyu amenunua hizi mahali pengine. Amezivaa nyumbani jioni moja tu, kutazama televisheni. Asubuhi nimekuta damu kwenye shuka. Yeye? Hajui kitu! Ananiuliza mimi damu ni ya nani!"

Nikawaketisha wote wawili. Nikamvua soksi. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechubuka kipande kizima, kinaanza kupona kwa juhudi za Bibi Balbir na dawa zake. Nikakaa chini, na pale pale, huku nimeushika mguu wake, nikawasimulia habari za baba yangu. Sikuwa nimewahi kumsimulia mteja. Nilipomaliza Bibi Balbir alikuwa amenishika bega, na Bwana Mohinder alikuwa akivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Nimefanya ujinga," akasema polepole. "Lakini nataka kwenda, mama. Nataka kumwona Kirpal tukiwa hai wote wawili, na hakuna jeneza katikati yetu. Nisaidie niende."

"Hilo ndilo ninalolijua," nikamwambia.

Ndipo tukaanza. Kliniki walimtazama, wakamsubirisha mpaka kisigino kipone, wakampa barua yenye masharti ya ukurasa mzima. Nawaandikieni yaliyo muhimu, maana watakuja wengine kama yeye. Mtu mwenye ganzi usimpe buti za kubana hata akikuambia anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu hajisikii. Acha nafasi mbele ya vidole. Bitana iwe kipande kimoja kisicho na mshono kinapopita kisigino na vidole. Soksi za sufu, jozi sita, abadilishe kila mguu ukilowa. Asiote moto kwa miguu, ataungua asijue mpaka anuse harufu ya nyama yake mwenyewe. Asitie vifuko vya kupasha joto ndani ya buti. Kila siku, mara tatu, avue, ajitazame unyayo kwa kioo, apapase ndani ya buti kwa mkono. Bibi Balbir aliyaandika yote kwa Kipunjabi akayabandika kwenye mlango wa friji.

Forma zake nilizitengeneza upya. Nilibandika ngozi juu ya mbao, nikaikwangua, nikaibandika tena, mpaka mbao ikawa na kila kinundu cha Bwana Mohinder. Nilishona jioni baada ya saa za kazi, na meneja alijifanya haoni, jambo ambalo nalihesabu kuwa ndiyo wema wake mkubwa. Mwezi wa Machi buti zikawa tayari: ndefu, zinafika chini ya goti, nyayo za mpira, ngozi iliyonyweshwa mafuta mpaka maji yanateleza.

Akaanza mazoezi. Kila asubuhi alizunguka uwanja wa karibu na kwao na shanta mgongoni, ndani yake mfuko wa unga wa ata, ule wa chapati. Wiki ya kwanza kilo tano, kisha kumi, mpaka akawa anabeba mfuko mzima wa ishirini na tano, na watoto wa shule wakimwita Babu Unga. Shabaha alijifunza upya katika klabu moja nje ya mji. Bunduki angetumia ya kaka yake huko huko. Jumamosi alikuja dukani nimkague miguu. Kirpal alikuwa amemtumia kanda ya sauti ya kumwita pofu wa baridi, maana dume huitwa kwa kuigiza mlio wa jike, na Bwana Mohinder akijizoeza palepale kwenye kiti cha kupimia. Ulikuwa mlio mrefu, wa puani, wenye huzuni ya mtu aliyekosa basi. Mara moja mteja aliyekuwa ndani ya hema la maonesho alitoka mbio.

Juni, miezi mitatu kabla ya safari, nilimvua buti ya kulia nikaona alama nyekundu juu ya kifundo cha mguu. Si kidonda, alama tu. Lakini nilimwita kesho yake, na ilikuwa bado ipo. Nikaipeleka buti chini, nikaifumua. Nilichokikuta ni mshono wangu mwenyewe: nilikuwa nimeumalizia kwa fundo upande wa ndani, fundo dogo kama punje ya mchele, pale ambapo ngozi hujikunja mtu akitembea. Mwanafunzi wa wiki moja Mzee Alfred angemfukuza kwa fundo lile.

Jumamosi nilimweleza ukweli. Nilimwambia, kosa ni langu, nilikuwa nimechoka usiku ule na sikupapasa ndani kama ninavyowahubiria watu. Nikamwambia pia kwamba kama hataziamini tena buti zangu, sitamlaumu. 

"Mama, mama," akasema, akainama kutoka kwenye kiti mpaka vichwa vyetu vikakaribiana. "Umeiona wewe kabla haijaniumiza. Si ndiyo kazi tunayofanya hapa kila Jumamosi? Shona tena."

Nilishona tena. Safari hii niliubana mkono wangu ndani ya buti ile na kutembeza vidole huko kila mahali, macho nimeyafumba, mara nyingi kuliko inavyostahili kuhesabiwa.

Aliondoka Septemba. Bibi Balbir alimsindikiza uwanja wa ndege na kioo cha mkono kilichofungwa kwenye taulo. Siku kumi na mbili za porini, na siku za njiani, hakukuwa na habari yoyote. Nilikuwa nikiwapima wateja na kuwauliza maswali mara mbili. Nikiswali nilimtia kwenye dua yangu, yeye na kaka yake, na sikuona kwamba Mwenyezi Mungu atauliza vilemba vyao ni vya nini. Bibi Balbir alipiga simu dukani siku ya kumi na tatu. Hakuwa na habari, alitaka tu kunyamaza na mtu anayejua anachokinyamazia. Tulinyamaza kidogo, tukaagana.

Ijumaa ya wiki iliyofuata akaingia mwenyewe. Amekonda, uso umeungua kwa upepo, buti miguuni.  Akakaa, akaanza kufungua kamba mwenyewe, akavua soksi, akaninyooshea miguu yote miwili mbele yangu. Nikaigeuza kwenye mwanga. Palikuwa na ukavu kisigino cha kushoto, kucha moja imeingia rangi. Basi. Nikaishika vile vile bila kuiachia, na yeye akanisimulia.

Siku tano hawakuona kitu ila mvua. Ya sita, asubuhi, Bwana Mohinder aliita ule mlio wake wa huzuni kando ya kinamasi, na dume likatoka msituni, likitembea taratibu kama mwenye nyumba anayekuja kufungua mlango. Kirpal akamnong'oneza, "Ni wako." Akapiga risasi moja, na likaanguka. Wakaketi kando yake, wazee wawili, mvua inawanyeshea. Kirpal akasema jina la baba yao.

Kisha ndipo kazi ilipoanza, maana mnyama yule uzito wake ni wa ng'ombe, na nyama lazima yote ifike ziwani, sheria ya huko haikubali kuiacha. Safari ya kwanza tu, Kirpal, ambaye hakuna aliyekuwa akimhofia, aliteleza kwenye mzizi na goti likamgeuka. Hakuweza tena kubeba kitu. Basi aliyebeba ni Bwana Mohinder. Safari kumi kwenye matope yanayofika katikati ya muundi, siku mbili nzima, nyama mgongoni badala ya unga wa ata. Na kila akifika ziwani, kabla ya kunywa hata chai, alikuwa akiketi juu ya gogo, anavua buti, anabadilisha soksi, anajitazama kwa kioo.

"Kirpal alinicheka," aliniambia. "Akaniita bibi harusi. Safari ya kwanza kanicheka, ya pili kanicheka. Ya tatu nimerudi nimechoka sana, kioo siwezi kukishika. Akasema, lete hapa. Akajiburura na goti lake bovu, akanivua yeye. Akanifuta vidole kimoja kimoja kwa taulo. Akasema, hapa sawa, hapa sawa, hapa pia. Mama, mara ya mwisho kaka yangu alinishika mguu nilikuwa na miaka minne. Mwiba uliniingia, akautoa. Mpaka mwisho hakunipa tena kile kioo. Alifanya yeye."

Nyama hakuweza kutuletea. Forodha hawana huruma. Hata angeileta, mimi nisingeila, na nilimwambia hivyo, tukacheka.

Kirpal alifariki baridi ya mwaka wa pili, moyo ulisimama ghafla. Bwana Mohinder hakuwahi mazishi; theluji ilifunga viwanja vya ndege. Wakamfanyia kisomo chao katika hekalu lao Southall, na Bibi Balbir akanipigia simu niende. Nikamchukua Asya, tukafunika vichwa, tukavua viatu mlangoni, tukaingia katika ukumbi uliojaa watu wanaokula wameketi sakafuni safu kwa safu. Chakula chao pale hakina nyama, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Bwana Mohinder alikuwa upande wa wanaume, amezungukwa. Aliponiona aliweka mkono kifuani.

Tulikuwa tumeshaanza kula dengu zetu alipokuja Bibi Balbir na wanawake saba au wanane nyuma yake, mashemeji na mabinamu, wengine wametoka Nairobi, wengine Birmingham, na mmoja, mwembamba, mwenye macho yaliyovimba, mjane wa Kirpal, aliyefika jana yake kutoka Kanada. Nikataka kuinuka. Bibi Balbir akanizuia kwa mkono begani, akawageukia wenzake, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie:

"Huyu ndiye yule mama aliyekataa kutuuzia viatu."

Mjane wa Kirpal akaketi sakafuni kando yangu, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka chakula kilipokwisha. Nilikula kwa mkono wa kulia, yeye alikuwa ameushika wa kushoto, na Asya, bila ya kuambiwa, akawa ananikatia chapati.